Mti Wenye Walinzi: Mhadhara kuhusu Kusomea Ikolojia ya Uhusiano wa Viumbe



Waandaaji wameniomba nieleze mtu anayesomea ikolojia katika ngazi ya juu anasomea nini hasa. Ningeweza kuwasomea orodha ya kozi, na mngelala. Nimeona afadhali niwapeleke Laikipia, kaskazini mwa Mlima Kenya, kwenye mti mmoja tu, kwa sababu karibu kila jambo ninalotaka kulisema kuhusu masomo haya limeshafanyika juu ya mti huo na chini yake.

Ni mgunga mfupi wa nyanda za udongo mweusi, ule udongo unaonasa magari wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Jina lake la kitaalamu ni Acacia drepanolobium. Wataalamu wa uainishaji siku hizi wameuhamishia jenasi ya Vachellia, lakini wanaofanya kazi porini wengi bado wanalishikilia jina la zamani, nami nipo upande wao. Katika udongo huo mweusi mgunga huu umejitwalia nchi: zaidi ya asilimia 95 ya miti yote unayoiona ni wenyewe.

Litazameni tawi lake kwa karibu. Miiba ni ya namna mbili. Ipo ile mirefu, nyeupe, iliyochongoka, ambayo kila mchungaji anaijua. Halafu ipo mingine ambayo shina lake limevimba likawa tufe, la kijani likiwa changa, jeusi na gumu likikomaa, na ndani ni tupu. Sisimizi hutoboa vitundu kwenye tufe hilo, wakaingia na mayai yao, wakaishi humo. Upepo ukivuma, vitundu vinapiga mluzi. Kwenye vikonyo vya majani mna tezi ndogo zinazotoa nekta, na sisimizi wanainywa. Basi mti unatoa nyumba na chakula. Wapangaji nao wanatoa ulinzi. Litikise tawi uone: sekunde chache tu, wametoka makumi kwa mamia, wameinua matumbo juu, wanang'ata chochote chenye ngozi. Tembo, pamoja na ukubwa wake wote, hapendi kabisa kuingiwa na sisimizi mkongani. Watafiti Jacob Goheen na Todd Palmer walilijaribu jambo hilo kwa tembo yatima wanaolelewa nchini Kenya, wakawapa matawi yenye sisimizi na yasiyo nao. Matawi yaliyoondolewa sisimizi yaliliwa bila taabu. Yenye sisimizi yaliepukwa. Walichapisha mwaka 2010.

Mpaka hapo hadithi ni nzuri, na ndivyo inavyofundishwa katika shahada ya kwanza: huu ni ushirika wa kufaidiana, mti na sisimizi, andika kwenye daftari, tuendelee. Katika uzamili swali linabadilika. Hatuulizi tena nani anaishi na nani. Tunauliza: mmoja wao akiondolewa, wengine watafanya nini?

Mwaka 1995 Truman Young wa Chuo Kikuu cha California, Davis, pamoja na wenzake, alianza kujenga fensi katika eneo la Mpala, Laikipia. Walipima ploti 18, kila moja hekta nne. Kuna zilizozungushiwa uzio wa umeme usiopitisha mnyama yeyote mkubwa. Kuna zilizowekewa waya wa juu tu, unaowazuia tembo na twiga huku punda milia na swala wakipita chini yake. Kuna zinazoingizwa ng'ombe kwa siku maalumu chini ya wachungaji, na zisizoingizwa ng'ombe kabisa. Kwa jumla ni mipangilio sita, na kila mpangilio umerudiwa mara tatu. Majaribio hayo bado yanaendelea, na tasnifu nyingi zimeandikwa kutokana na waya zile zile.

Mtu angetarajia kwamba mgunga uliofungiwa, usiovunjwa na tembo wala kuliwa na twiga, ungenenepa. Young, Palmer na wenzao walipochapisha matokeo mwaka 2008 katika jarida la Science, ilikuwa kinyume. Baada ya miaka kama kumi ndani ya uzio, miti ilikuwa inakua polepole zaidi na kufa zaidi kuliko ile ya nje inayotafunwa kila siku.

Sababu yake ndiyo inayowafundisha wanafunzi wangu kuliko kitabu chochote. Mti usioliwa unapunguza matumizi ya ulinzi: unatengeneza matufe machache na nekta kidogo. Sasa, sisimizi wanaoishi kwenye mgunga huu ni wa spishi nne, na hawapendani hata kidogo. Anayemiliki karibu nusu ya miti ni Crematogaster mimosae, mlinzi mkali anayetegemea sana matufe na nekta. Mwajiri akipunguza mshahara, mlinzi huyu anadhoofika, na jirani yake Crematogaster sjostedti anamnyang'anya mti. Sjostedti hana haja na matufe. Yeye anaishi kwenye mashimo yaliyochimbwa na mabuu ya wadudu watoboao mbao, kwa hiyo wadudu hao kwake si adui. Mti unapotobolewa yeye anapata vyumba. Ukiwaondoa tembo na twiga, unauondolea mti sababu ya kuwalipa walinzi. Walinzi wanashindwa vita. Anaingia mpangaji anayefaidika na ugonjwa wa nyumba. Hakuna hata kiungo kimoja katika mnyororo huo ambacho mtu angekiona kwa kusimama chini ya mti na darubini, hata angekuwa na macho makali namna gani. Ilibidi mtu auvunje uhusiano kwa makusudi, kisha asubiri.

Na kusubiri kwenyewe kuna mshangao wake. Yupo sisimizi wa tatu, Crematogaster nigriceps, ambaye hutafuna machipukizi ya mti na kuuzuia usichanue. Kwa kipimo cha msimu mmoja huyu ni mnyonyaji: mti unaokaliwa naye hauzai. Wa nne, Tetraponera penzigi, huziharibu tezi za nekta. Mwanafunzi mwenye miaka miwili ya utafiti angeandika kwa haki kabisa kwamba hawa wawili ni hasara. Palmer na wenzake walipokusanya data za miaka minane na kukokotoa maisha yote ya mti, tangu mche hadi uzee, waliona kwamba mti unaopitia mikononi mwa wapangaji hao mbalimbali unaacha uzao mwingi zaidi kuliko ungekaa maisha yake yote na mlinzi mmoja mwema. Mche mdogo unahitaji kubaki hai kuliko unavyohitaji kuzaa, na anayeuzuia kuzaa utotoni, lakini akaulinda, ameufaa. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2010. Kwa hiyo maneno kama "mnyonyaji" na "mshirika" hayana maana mpaka useme ni kwa muda gani umepima.

Hapa ndipo ninapogombana na vyuo vyetu, pamoja na idara yangu. Tunampa mwanafunzi wa uzamili miaka miwili. Mwaka wa kwanza unakwisha kwenye kozi na pendekezo la utafiti. Kibali cha utafiti cha COSTECH (Tanzania) au NACOSTI (Kenya) kinachukua muda wake. Akifika porini amebakiwa na miezi michache, mara nyingi ya msimu mmoja. Anachoweza kufanya ni kuhesabu: miti mingapi, ndege wangapi, popo wa aina ngapi katika msitu fulani. Orodha inapatikana, shahada inapatikana, na rafu ya maktaba inapata tasnifu nyingine yenye maneno "wingi na mtawanyiko" katika kichwa chake. Sizidharau orodha, bila orodha hatujui tunazungumza juu ya nani. Lakini uhusiano hauhesabiki kwa kupita mara moja, na kumtaka mwanafunzi auone kwa msimu mmoja ni kumtuma kisimani bila ndoo.

Kuna kasoro nyingine ya kitaalamu inayotokana na haraka hiyo hiyo, na nitaieleza taratibu kwa sababu nimeikuta kwenye tasnifu nyingi nilizopewa kusahihisha. Tuseme umejenga uzio mmoja. Ndani yake una miti 100, nje umepima mingine 100. Unaingiza namba kwenye programu, programu inakwambia tofauti ni kubwa na ya hakika, nawe unafurahi ukidhani una sampuli 100 kila upande. Una moja. Uzio ni mmoja. Miti yote ya ndani inashiriki udongo mmoja, bonde moja, kichuguu kile kile kilicho pembeni. Huwezi kujua kama tofauti imeletwa na waya au na mahali. Mwanaikolojia Stuart Hurlbert aliliandikia jambo hili makala maarufu mwaka 1984, akakagua tafiti zilizochapishwa katika majarida ya heshima na kuonyesha ni ngapi zilikuwa na kosa hilo. Zaidi ya miaka 40 imepita na bado tunalifanya. Ndiyo maana ya zile ploti tatu kwa kila mpangilio kule Mpala. Tatu ni chache, lakini tatu ni mbali sana na moja. Mwanafunzi akiniuliza takwimu ajifunze nini kwanza, namjibu: jifunze kuhesabu una vitu vingapi. Mengine programu itakusaidia.

Ploti hizo hizo za Mpala zimejibu swali ambalo wafugaji wamebishana nalo na wahifadhi tangu zamani: je, punda milia anamwibia ng'ombe malisho? Wilfred Odadi, mtafiti Mkenya wa Chuo Kikuu cha Egerton, aliwapima ng'ombe uzito, wale waliolisha pamoja na wanyamapori na wale waliolisha peke yao. Wakati wa kiangazi, ng'ombe waliochangia malisho na wanyamapori waliongezeka uzito kwa kiwango kidogo kuliko wenzao. Mfugaji yuko sawa. Wakati wa mvua ikawa kinyume: waliochangia ndio walionenepa zaidi, kwa sababu punda milia wanapunguza mabua makavu na nyasi zinazobaki zina lishe bora. Mhifadhi naye yuko sawa. Ilichapishwa katika Science mwaka 2011. Wale wale wanyama wawili, kwenye nyasi zile zile, ni washindani Februari na wasaidizi Mei. Angalieni pia kwamba swali hili halikuhitaji maabara ya mamilioni. Lilihitaji mzani, ng'ombe, wachungaji hodari, na mtu anayejua swali la wafugaji ni lipi.

Mara nyingine jaribio hufanyika bila mtafiti kulipanga. Sotoka, ugonjwa wa mifugo, iliingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 ikaua ng'ombe, nyati na nyumbu, na Wamaasai wakafa njaa. Ilibaki ikizunguka kwa miongo. Katika miaka ya 1950 na 1960 ng'ombe wanaoizunguka Serengeti walichanjwa, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 ugonjwa ulikuwa umekwisha miongoni mwa nyumbu. Nyumbu wenyewe hawakudungwa sindano hata mmoja. Mwaka 1961 walihesabiwa takriban 260,000; kufikia mwaka 1977 walikuwa wamepita 1,300,000. Midomo hiyo yote ilikula nyasi ambazo zamani zilikauka na kuungua. Moto ukapungua, na miche ya miti ambayo ilikuwa ikichomwa kila mwaka ikapata nafasi ya kurefuka. Chanjo ya ng'ombe imeotesha miti. Mwanaikolojia Anthony Sinclair na wenzake waliweza kuufuata mnyororo huo kwa sababu kulikuwa na watu waliohesabu nyumbu kabla haujaanza, wakaendelea kuhesabu mwaka baada ya mwaka bila kujua hesabu zao zitakuja kujibu swali gani. Wahesabuji hao ndio mashujaa wangu, ingawa majina yao hayamo katika vitabu vya kiada.

Wanafunzi huniuliza: swali zuri linatoka wapi? Wengi wanalitafuta kwenye majarida ya Ulaya, wanakuta mtu amefanya kitu na vipepeo vya Uswidi, wanataka kukirudia na vipepeo vya Usambara. Si vibaya. Lakini tazameni alivyofanya Hussein Isack, Mkenya. Waborana wa kaskazini mwa Kenya walikuwa wakisema tangu enzi na enzi kwamba ndege mlembe huwaongoza kwenye mizinga ya nyuki wa porini, na kwamba kwa sauti yake na namna anavyoruka wanaweza kujua mwelekeo wa mzinga, umbali wake, na kama wamefika. Wataalamu wengi walilichukulia hilo kuwa ngano. Isack, akishirikiana na Heinz-Ulrich Reyer, alilipima dai moja baada ya jingine. Warina asali wasioongozwa walichukua wastani wa saa 8.9 kupata mzinga katika maeneo wasiyoyajua. Walioongozwa, saa 3.2. Na ndege naye? Asilimia 96 ya mizinga waliyoifikia isingefikiwa na mlembe bila binadamu kuipasua kwa zana zake. Waborana humwita ndege kwa mluzi wanaoupiga kwa ngumi walizozifumba, au kwa magamba ya konokono, au kwa kokwa za mkoma zilizotobolewa. Makala yao ilitoka katika Science mwaka 1989, na bado ndiyo makala ya kwanza ninayompa mwanafunzi mgeni. Ndani yake kuna mtaalamu aliyewasikiliza wazee bila kuwadharau, kisha hakuwaamini bure, akapima.

Sasa turudi Laikipia, maana mambo hayakuishia mwaka 2010. Mwanzoni mwa karne hii aliingia sisimizi mgeni, mwenye kichwa kikubwa, Pheidole megacephala, anayedhaniwa asili yake ni visiwa vya Bahari ya Hindi. Anasafiri na mizigo ya watu: udongo wa bustani, mboga, vifaa vya ujenzi. Akifika kwenye mgunga anawaua sisimizi wenyeji, anakula mayai na mabuu yao, na yeye haulindi mti. Tembo wakagundua upesi. Katika maeneo yaliyovamiwa walivunja miti kwa kiwango mara tano hadi saba ya kile cha maeneo yasiyovamiwa.

Douglas Kamaru, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wyoming, Marekani, aliuliza swali linalofuata: nchi ikishafunguka hivyo, simba atawindaje? Simba humvizia punda milia kwa kujificha, na maficho yake ni hii migunga. Katika hifadhi ya Ol Pejeta, Kamaru na wenzake waliweka ploti penye uvamizi na pasipo uvamizi, nyingine zikazungushiwa uzio wa kuwazuia tembo, wakawavisha simba majike kola za kuwafuatilia, wakapima mtu anaona umbali gani, wakatafuta mizoga. Waligundua kwamba uwezekano wa punda milia kuuawa ulikuwa karibu mara tatu zaidi mahali pasipovamiwa. Tangu mwaka 2003 hadi 2020 sehemu ya punda milia katika windo la simba ilishuka kutoka asilimia 67 hadi 42. Nyati, ambao mwanzoni hawakuonekana kabisa katika hesabu hiyo, walifikia asilimia 42. Idadi ya simba haikupungua. Wamebadilisha windo tu, na nyati si windo jepesi. Humpiga simba pembe, na mara nyingine humuua. Makala ilichapishwa Januari 2024, ikiongozwa na mwanafunzi.

Ningependa mlitazame hilo kwa jicho la mtu anayepanga masomo. Kamaru alifanya kazi ngumu ya miaka yake. Lakini asingeweza kuanza kama watu wengine hawakuwa wameshathibitisha kwamba sisimizi humzuia tembo, kama hakukuwa na kumbukumbu za windo la simba za mwaka 2003, kama hakukuwa na ramani za mahali mvamizi alipofika mwaka gani. Alipanda juu ya mabega ya daftari za watu. Na sehemu kubwa ya daftari hizo iliandikwa na wasaidizi wa utafiti wa Laikipia wanaotambua spishi nne za sisimizi kwa kutazama tu namna wanavyokimbia, ujuzi ambao profesa mgeni humchukua misimu kadhaa kuupata.

Kwetu daftari zipo? Zipo, zimetawanyika. SUA, Mweka, Dar es Salaam, Nairobi, kila chuo kina msitu au mbuga iliyopimwa na vizazi vya wanafunzi, kila kizazi kikianza upya mahali pake, kwa njia yake, na ikifika mahafali data zinaondoka na kompyuta ya mwenyewe. Nimemwona mhadhiri wa chuo kimoja akistaafu na masanduku ya karatasi za miaka mingi, hakuna aliyeyapokea. Ramani ya ploti zake ilikuwa kichwani mwake.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wanafunzi. Kabla hujaandika pendekezo la utafiti, tafuta nani alipima mahali hapo kabla yako, hata kama ni tasnifu ya mwaka 1985 iliyopigwa chapa na kuliwa na mende. Rudi kwenye ploti zake kama zinapatikana. Na ukimaliza, weka data zako maktabani pamoja na nakala za daftari, na viwianishi vya kila kona ya ploti, na jina la msaidizi aliyekuonyesha njia.

La pili ni kwa Mwenyekiti na wakuu wa idara waliopo hapa. Tuzungushie ploti chache katika msitu wetu wa mafunzo, zisizopungua tatu kwa kila mpangilio, na zipimwe kila mwaka na kila kundi la uzamili kama sehemu ya kozi yao. Nguzo, waya na mshahara wa mlinzi mmoja havizidi gharama ya warsha mbili za hoteli. Maelezo kamili pamoja na bajeti nimeyakabidhi kwa katibu wa idara. Naomba yajadiliwe kabla ya bajeti ya mwaka ujao kufungwa.